Tuta la Shimo la Saba

Klabu ya Gofu ya Hatli,
Nairobi.
8 Machi 1976

Mzee Phanuel Murunga,

Salamu nyingi kutoka Nairobi. Hunijui kwa sura, lakini baba yangu unamjua. Mimi ni Filister, binti ya Obiero, yule kedi mwenye mguu mfupi aliyebeba mifuko ya wachezaji hapa Hatli miaka kumi na minane. Macho yake yameanza kumwisha na amerudi nyumbani Alego. Ndiye aliyenielekeza nikuandikie kupitia sanduku la shule ya Kimilili, akasema ukiwa hai utajibu, na ukijibu nijiandae kutaniwa.

Ninapiga taipu katika ofisi ya klabu. Mwaka huu klabu inatimiza miaka hamsini, na kamati inataka kijitabu cha historia ya uwanja na mtaa wake. Mwenyekiti wetu, Bwana Mulei, amenipa kazi hiyo kwa sababu nyumba yangu iko Mashimoni, hapa Kibera nyuma ya uwanja, naye anadhani wa Kibera tunajua kila kitu. Ninachojua ni njia ya miguu ninayopita asubuhi kuja kazini. Makabati ya ofisi yamejaa majina ya Wazungu walioshinda vikombe. Hakuna karatasi hata moja inayosema nani alipanda majani.

Baba anasema ni wewe, na kwamba ulikuwa nyapara wa wakata nyasi hadi ulipostaafu mwaka wa sabini. Tafadhali niandikie unachokumbuka. Nina swali moja la pekee: kando ya shimo la saba, pale njia yetu inapopinda, kuna tuta ambalo mashine za nyasi hulizunguka. Lile tuta ni nini?

Wako katika kazi,
Filister Obiero

*

Kimilili,
24 Machi 1976

Binti Obiero,

Nimepokea barua yako. Mwalimu aliileta akiwa amenyoosha mgongo, maana ilikuwa na nembo ya klabu, akafikiri nimeshtakiwa. Mwambie baba yako bado niko hai na bado nakumbuka samaki aliokuwa akikausha juu ya paa la banda letu mpaka nguo zetu zote zikanuka ziwa. Leo nimemsamehe, lakini ni leo tu.

Unataka historia ya Hatli. Andika hivi. Palikuwa na msitu na kinamasi, na ng'ombe wa Wanubi, wale askari wazee waliopewa Kibera na serikali ya kikoloni wakae. Wanawake wao walipita hapo wakipeleka maziwa na kuni mjini. Hiyo njia yako ya miguu ni yao. Ilikuwepo kabla ya uwanja, na kabla ya huyo Bwana Hatli mwenyewe, aliyekuja na farasi na mbwa wawili.

Nyumba za kwanza zilikuwa saba. Zitazame vizuri utaona kitu. Baraza zote zinaangalia uwanja, na Kibera imepewa mgongo. Mlango wa jikoni peke yake ndio unaotazama Kibera. Kwa hiyo bwana wa nyumba hakutujua, lakini mpishi alijua mpaka nani wetu anaumwa na jino. Ua wa miiba ya kayaba ulipandwa kutuzuia, nasi ndio tuliopanda, na kila mpanda ua aliacha pengo la kupitisha mtu mmoja.

Nilifika mwaka wa thelathini na tano. Majani ya mashimo yote kumi na manane tulipanda upya kwa mkono, shina kwa shina, tukiwa tumepiga magoti, mimi na mtu mwingine. Tangu siku hiyo siwezi kuona majani nikapita bila kuyakagua.

Baada ya uhuru Wazungu walianza kuuza. Mwafrika wa kwanza alikuwa daktari, alinunua nyumba namba nne pamoja na mbwa wake. Yule mbwa alikuwa amefundishwa kubwekea watu weusi, akambwekea daktari mwaka mzima ndani ya nyumba yake mwenyewe. Daktari hakumfukuza. Alisema mbwa naye anahitaji muda. Hilo liandike.

Huku niko salama. Mke wangu Nasipwondi alifariki miaka mitano iliyopita. Nina ng'ombe mmoja, na jirani mmoja, Nabalayo, mke wa ndugu yangu. Nyuma ya jiko lake kuna majani mazuri kuliko yote hapa kijijini, laini kama yale ya kuzunguka shimo la gofu. Namfunga ng'ombe wangu hapo, naye kila nikirudi nakuta ameshamfungua na kumfunga kwingine. Nimeuliza sababu. Hasemi. Miaka sita tunabishana juu ya kamba.

Salimu wote,
Phanuel Murunga

*

Nairobi,
9 Aprili 1976

Mzee Murunga,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilimsomea Bwana Mulei. Habari ya mbwa ilimfanya acheke mpaka akavua miwani. Yeye anakaa namba sita, na anasema mbwa wake alimzoea baada ya miezi minane.

Lakini mzee, umeruka swali langu. Umeeleza njia, ua, mbwa na hata kamba ya ng'ombe, na tuta umelipita bila kulitaja. Nami sasa nalazimika kukwambia kwa nini naliuliza.

Kamati inataka kujenga mahali papya pa kuanzia shimo la nane, na pamechaguliwa palepale kwenye tuta. Ukilisawazisha tuta, njia yetu inafungwa, na waya utapita kutoka barabarani mpaka mtoni. Mashimoni tuko mamia tunaopita hapo kila asubuhi: wapishi, yaya, wapaka rangi, mafundi. Waya ukiwekwa tutazunguka kwa barabara kubwa, karibu saa nzima zaidi kwenda na saa nzima kurudi. Jirani yangu Risper ana mtoto mchanga na anafanya kazi namba mbili. Hutoka mbio saa sita akamnyonyeshe, akarudi. Kukiwa na waya ataacha mojawapo, kazi au mtoto.

Mwenyekiti ni mtu wa haki. Amesema kama pale pana kaburi, hapatachimbwa na njia itabaki ilivyo, lakini anataka neno la mtu anayejua, kwa maandishi. Watu wa Kibera wanasema ni kaburi. Hawajui la nani. Wakata nyasi wanasema waliambiwa na waliowatangulia wasiliguse, na waliowatangulia waliambiwa na wewe. Mkutano ni tarehe 12 Juni.

Tena, huyo mtu mwingine uliyepanda naye majani ni nani? Ningependa kuandika jina lake.

Filister

*

Kimilili,
2 Mei 1976

Binti Obiero,

Hakuna mtu aliyezikwa pale. Ukiulizwa, sema hivyo, kwa maana ndiyo kweli.

Kuhusu njia nimesikitika. Waambie kamati ni njia ya Wanubi, ya zamani kuliko wao wote. Mwenyekiti wa haki atasikia.

Huyo mtu mwingine alikuwa mkata nyasi tu. Majina ya wakata nyasi hayakuandikwa wakati huo, na sioni sababu ya kuanza leo.

Mvua huku ni nzuri. Mahindi yamefika magotini.

P. Murunga

*

Nairobi,
14 Mei 1976

Mzee wangu,

Sikukasirika. Nilikaa na barua yako siku nne ndipo nikajibu, nisije nikaandika kwa haraka.

Habari ya njia ya Wanubi niliwaambia. Walisema wanataka karatasi, na maziwa ya Wanubi hayakuwa na karatasi. Juma lililopita mpima ardhi alikuja kupigilia vigingi vyekundu. Wafanyakazi wanne waliambiwa na mkandarasi waanze kuchimba bila kungoja mkutano. Waliweka majembe chini, wakakaa kwenye majani, wakasema wafukuzwe kazi kama ni lazima. Hawakufukuzwa, lakini mkandarasi ameahidi kuleta watu wa mbali wasiojua lolote.

Nimepekua makabati. Katika kumbukumbu za mkutano wa mwaka 1947 nimekuta kanuni moja ya mchezo: mpira ukianguka juu ya tuta la shimo la saba, mchezaji atauokota na kuuweka kando bila kuadhibiwa. Sababu yake imeandikwa kwamba nyapara Murunga amesema chini pana jiwe kubwa linaloharibu mashine. Basi nilikwenda saa ya chakula nikachomeka fimbo ndefu ya bendera sehemu tatu. Nisamehe kama nilikosea. Hapana jiwe. Fimbo iliingia yote.

Nimewaza sana, na nitakuambia nilichowaza, ukitaka unicheke. Kwetu mtu akipotelea mbali, ziwani au vitani, na mwili wake usipatikane, wazee huchukua tunda la yago, lile refu linaloning'inia, wakalizika badala yake. Wanalia, wanamtaja jina, kila kitu. Ukichimba hapo hukuti mfupa. Lakini hakuna Mjaluo atakayekuambia kwamba hapo si kaburi.

Umeniandikia kwamba hakuna mtu aliyezikwa pale, na ninakuamini. Sasa nauliza tofauti. Mzee, ulimzika nani pale ambaye hakuwepo?

Mwanao,
Filister

*

Kimilili,
30 Mei 1976

Mwanangu Filister,

Baba yako alikuwa na mguu mfupi na ulimi mrefu, na wewe umechukua macho ambayo yeye yamemwisha. Nimekaa siku kadhaa na kalamu mkononi. Sasa naandika, na ukimaliza kusoma utajua kitu ambacho hakuna mtu wa nyumbani kwangu anakijua.

Mtu aliyepanda majani nami alikuwa ndugu yangu mkubwa, Lusweti. Yeye ndiye aliyenileta Nairobi. Shimo la saba lilikuwa lake. Alilipenda kijinga, akiamka kabla yetu kwenda kuondoa umande kwa fito ili majani yasiungue. Mwaka wa arobaini na moja alichukuliwa jeshini, akapelekwa Bama kupigana na Wajapani. Mwaka wa arobaini na tano ilikuja karatasi ya serikali inayosema hajulikani alipo.

Kwetu Wabukusu tunafanya kama ninyi, isipokuwa sisi tunazika gogo la mgomba. Wazee walitaka kumzika hivyo. Mama yetu Nafuna akakataa. Alisema mtoto wake hazikwi kwa karatasi, na atakayemchimbia kaburi mtu aliye hai ndiye atakayekuwa amemuua. Nani angebishana na mama? Kila jioni alimwekea Lusweti ugali wake kwenye sahani na kuufunika.

Mimi nilikuwa Nairobi, nikawa namwota. Anasimama kwenye shimo la saba, miguu imelowa, ananiuliza atalala wapi. Usiku mmoja, miwili, mwezi mzima. Mwaka wa arobaini na saba nilikwenda kwa mama mmoja wa Kinubi nikamwomba mgomba mmoja. Siku ya Jumatatu, uwanja ukiwa umefungwa ili tukate nyasi, nikaufunga katika koti lake la mvua alilokuwa ameliacha, nikamzika. Wenzangu wanne walisimama wamevua kofia. Mzungu wa nyasi alipouliza, nikamwambia pana jiwe.

Ndoto zilikoma. Ndipo matatizo yakaanza. Mke wa Lusweti ndiye huyu Nabalayo, jirani yangu wa kamba. Kwa desturi yetu ya wakati huo, mume akizikwa, mke hunyolewa nywele, analia siku zake, na baadaye ndugu wa marehemu ndiye anayemrithi. Ndugu nilikuwa mimi. Ningerudi nyumbani niseme nini? Kwamba nimemzika kaka yangu peke yangu, bila mama, bila wazee, mbali na nyumbani? Wangesema nimemzika ili nimchukue mke wake. Nabalayo alikuwa mzuri, Filister, na kila mtu alijua nina macho. Kwa hiyo nikanyamaza.

Mama alifariki mwaka wa sitini na tisa akiwa bado anafunika sahani. Hapo ningesema. Lakini ilikuwa imepita miaka ishirini na miwili, na kila mwaka ulifanya neno liwe zito zaidi mdomoni. Nabalayo amekaa mke wa mtu aliye hai tangu akiwa msichana. Hakunyolewa, hakuolewa tena, hakulia mbele ya watu. Alimlea binti yake Lenah, aliyeolewa huko Kawangware na fundi seremala. Ningempa ujane wake mapema angepata maisha mengine. Nilimnyima kwa kuogopa maneno ya watu. Hilo linaniuma kuliko yote.

Waonyeshe kamati sehemu ya kaburi. Nimetia sahihi hapa chini. Sehemu ya Nabalayo usiisome. Kijitabu chenu ni cha Kiingereza, hakitafika huku.

Phanuel Murunga, nyapara, Hatli, 1935–1970

*

Nairobi,
13 Juni 1976

Mzee wangu,

Mkutano ulikuwa jana. Nilikaa pembeni na daftari langu kuandika yaliyosemwa, kwa hiyo nakupa kama yalivyokuwa.

Bwana Mulei alisoma maneno yako ya kaburi. Wajumbe wawili walicheka. Mmoja, mwenye duka kubwa mjini, akasema hawezi kuzuiwa kucheza na ndizi. Wengine wakaanza kucheka naye, nami nikaona mambo yanaharibika.

Ndipo akasimama Bibi Pargeter wa namba moja. Bila shaka unamkumbuka, yule mama mrefu anayelima maua yake mwenyewe kwa glavu. Ni Mzungu wa mwisho katika zile nyumba saba. Alisema mume wake alizama na meli vitani, mwaka uleule Lusweti alipopotea. Alisema katika kanisa la kijijini kwao kuna jiwe lenye jina lake, na chini ya jiwe hamna kitu, na kila akienda huko anapeleka maua. Akamgeukia yule mwenye duka akamwuliza kama angependa kwenda kulichimba. Hakuna aliyecheka tena. Nyapara Murunga, akasema, alimkatia majani miaka yote na hakumwambia kamwe, na sasa anaelewa kwa nini mtu yule alikuwa anavua kofia akipita shimo la saba.

Wamekubali. Tuta litabaki na njia itabaki, na wanataka kuweka kibao chenye jina la Lusweti. Lakini Bwana Mulei ametia sharti moja. Ameuliza kama marehemu aliacha mke. Sikuweza kudanganya, nikasema yupo. Akasema kwao Machakos jina la mtu haliandikwi kaburini mke wake akiwa hajui, na yeye hatatia sahihi mpaka apate kibali cha mke. Akiridhia, basi. Asiporidhia, au isipoletwa alama yake kabla ya tarehe 10 Julai, mambo yanarudi mezani, na mwenye duka anangoja.

Najua unalotaka kuniomba. Unataka nimwandikie mimi. Mzee, kwa heshima yote, barua hiyo siiandiki. Miaka ishirini na tisa umesema na kila mtu isipokuwa yeye. Unamfungia ng'ombe nyuma ya jiko. Ni hatua ngapi kutoka hapo mpaka mlangoni pake?

Mwanao,
Filister

*

Kimilili,
29 Juni 1976

Filister,

Ni hatua kumi na nne. Nimezihesabu, maana nilizitembea mara tano nikarudi.

Mara ya sita nilimkuta anapepeta maharagwe. Niliketi juu ya kinu nikamwambia yote, tangu ndoto mpaka jiwe la uongo. Nilimwambia na ile sababu ya kunyamaza, kwamba niliogopa wangesema namtamani. Sikumwambia kama nilimtamani au la. Nafikiri alijaza mwenyewe.

Alimaliza ungo wake. Alisimama, akazunguka nyuma ya jiko, akamfungua ng'ombe wangu, akamfunga kwenye mti wa mbali. Kisha akaingia ndani akafunga mlango. Mwanangu, nimepigwa na Wazungu, nimetukanwa na makanali, lakini sijawahi kuogopa mlango namna ile.

Asubuhi alitoka amevaa gauni lake la kanisa, na kikapu. Akaniomba jina lako na namna ya kufika kwako. Ndilo neno pekee alilosema nami. Ameshapanda basi kuja huko kwa Lenah, na kutoka Kawangware watakutafuta. Sijui atakachofanya. Huenda anakuja kukataa. Ana haki hiyo, na mwambie nimesema hivyo. Kama njia itafungwa, ni kwa ajili yangu, na mwombe radhi Risper na mtoto wake.

Mpokee vizuri. Hapendi chai yenye sukari nyingi. Uniandikie chochote, hata kama ni kibaya.

Murunga

*

Mashimoni, Kibera,
6 Julai 1976

Kwako Phanuel,

Anayeandika ni huyu binti Obiero, lakini maneno ni yangu mimi Nabalayo, na nimemwambia asiyapambe.

Nimefika salama. Lenah alinileta kwa miguu kutoka Kawangware, na binti Obiero akatupitisha kwenye njia hiyo mnayoipigania. Tulipita mlango wa jikoni wa nyumba moja, mpishi akatusalimu kwa Kibukusu. Nimeona uwanja. Mkubwa hivi, na watu wazima wanafuata mpira mdogo hivi. Lakini majani ni kweli. Niliinama nikayashika. Nilimjua Lusweti katika majani yale.

Nimeliona tuta. Umelitunza, siwezi kusema hukulitunza. Wachezaji wawili walikuwa wanakuja, wakatuona tumekaa, wakaweka mifuko chini wakasubiri mpaka tuinuke. Mama mmoja wa Kizungu alikuja na maua, akakaa nasi. Nilimpenda.

Sasa nisikilize. Mwaka wa arobaini na nane, sokoni Kimilili, nilikutana na askari aliyekuwa na Lusweti huko Bama. Aliniambia alimwona mtoni akichukuliwa na maji, naye alishindwa kumfikia. Nilirudi nyumbani nikamtazama mama yako akifunika sahani. Nikashindwa. Ningemwambia, angekufa wiki hiyo. Jumapili alipokwenda kanisani nilikata mgomba ambao Lusweti mwenyewe aliupanda mwaka aliponioa, nikamzika kwa mikono yangu. Wako ulikuwa mgomba wa kuombwa kwa mgeni. Sikulaumu, ulikuwa mbali, lakini ujue hivyo.

Nami nikanyamaza kama wewe. Nilijua nikisema ni mjane wangekuleta mlangoni kwangu, na Nasipwondi, Mungu amrehemu, angetuchoma sote wawili ndani. Kwa hiyo acha kujipiga kifua kwamba ulininyima ujane. Nilikuwa nao. Kitu kimoja tu sikuwa nacho. Sikuweza kunyolewa, maana watu wangeuliza ni nani amekufa. Miaka ishirini na minane nimekuwa nangoja wembe.

Jana ilikuwa siku ya tatu tangu nilipoketi pale kwenye tuta, na kwetu ndiyo siku ya kunyoa. Binti Obiero alinunua wembe mpya. Tulinyolewa mimi na Lenah mlangoni kwake hapa Mashimoni, majirani wakaja, wa kwetu na wa kwao, nikalia kwa sauti mpaka nikatosheka. Huyo Risper alinishika mkono wakati wote, mtoto akiwa mgongoni. Leo kichwa changu kina baridi na nimelala vizuri.

Kibali nimetoa. Nimeweka dole gumba mbele ya mwenyekiti, na kibao kitaandikwa Lusweti, mkata nyasi. Njia haitafungwa. Nilimwambia mwenyekiti kwamba Lusweti ana makaburi mawili, na kwamba haijanisumbua, kwa kuwa aliishi huku na huku. Aliandika kitu kwenye karatasi yake akapangusa miwani.

Nitarudi Jumamosi. Nichemshie maji, na usiweke maneno mengi, tutakaa tu. Kuhusu hayo uliyoacha nijaze mwenyewe, nilishajaza zamani.

Nilimzika nyuma ya jiko langu, pale penye majani mazuri. Ng'ombe wako mfunge mahali pengine.

Nabalayo